Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyesaka saratani ya watoto kwa gari kuukuu

Ukiishi Longisa, kwenye barabara ya kutoka Bomet kwenda Narok, sweta ni rafiki yako karibu mwaka mzima. Ukiteremka hadi Kisumu, unaivua hata kabla hujafika stendi. Tofauti hiyo ya joto, ambayo wengi wetu huiona kama mambo ya hewa tu, ndiyo iliyomsaidia daktari mmoja kufumbua fumbo la saratani inayowakimbilia watoto kwa kasi ya ajabu.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka wa 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11, watoto walikuwa wakirushiana mawe na jiwe moja likampata usoni. Alipoteza jicho la kulia. Chuoni Dublin alianza na uhandisi, akahamia udaktari, kisha akawa daktari wa upasuaji. Ndiyo, mpasuaji mwenye jicho moja. Alipoomba kazi katika makoloni ya Uingereza, mara ya kwanza alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Hakukata tamaa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alihudumu kama daktari wa jeshi, Kenya ikiwemo, na mwaka wa 1946 akapata kazi Uganda. Alianzia Lira, kisha akahamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka wa 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita aangalie mvulana wa miaka kama mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, na meno yanalegea. Burkitt hakujua ni nini. Wiki chache baadaye akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso kama huo, na tumboni pia alikuwa na uvimbe. Mtoto mmoja angeweza kuwa bahati mbaya. Wawili? Hapo akashtuka. Alichimba rekodi za hospitali na kugundua kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo, wa figo na wa jicho, ambao madaktari waliuhesabu kama magonjwa tofauti, ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka wa 1958 akaandika makala kuuhusu. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Swali lililobaki lilikuwa: kwa nini hapa, na si kule? Alituma barua na picha kwa hospitali nyingi Afrika, kisha Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu na kushika njia. Walizunguka wiki 10, wakaenda takriban kilomita 16,000, wakatembelea hospitali karibu 60 kutoka Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini. Katika kila kituo swali lilikuwa lile lile: mmewahi kuona mtoto kama huyu?

Ramani ikaanza kuzungumza. Karibu na ikweta, uvimbe huo ulikuwa nadra sana katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,500 hivi. Yaani nyanda za chai kama Kericho na Bomet hazikuwa kwenye mkanda wake, ilhali pwani na kandokando ya Ziwa Victoria zilikuwemo. Ulipenda joto na mvua. Nani mwingine hupenda joto na mvua? Mbu.

Mwaka huo huo wa 1961, Burkitt alitoa mhadhara London. Mmoja wa waliomsikiliza, Anthony Epstein, akaomba vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka wa 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakatangaza kuwa wamepata virusi ndani yake: Epstein-Barr. Virusi hivyo huenea kwa mate, na karibu kila mtu huvipata maishani bila kuumwa sana. Lakini mtoto anayeugua malaria tena na tena, kinga yake huchoka, na seli zenye virusi hupata nafasi ya kuharibika. Huku milimani malaria huja kwa milipuko ya msimu. Kule ziwani mtoto huishi nayo.

Habari njema ni kwamba uvimbe huu unatibika. Burkitt hakuwa na mashine za mionzi, kwa hiyo alijaribu dawa. Baadhi ya watoto walipungua uvimbe ndani ya siku chache tu, na wengine walipona kabisa. Hadi leo tiba kuu ni dawa za saratani, si kisu.

Tatizo ni muda. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ukiona mdogo wako ana taya linalovimba, meno yanayolegea bila sababu, jicho linalotokeza au tumbo linalofura, usiishie kung'oa jino na kungoja. Mpeleke hospitali, kama ile ya rufaa ya kaunti hapo Longisa. Akihitaji kuelekezwa Eldoret au Nairobi, mwende haraka. Kuishi mahali penye baridi si kinga kamili, na familia husafiri.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966, lakini hakuacha kuuliza kwa nini hapa na si kule. Aliona kwamba Waafrika wa vijijini hawakusumbuliwa sana na kufunga choo, bawasiri, kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, magonjwa yaliyojaa Uingereza. Alishuku chakula kilichokobolewa na kukosa nyuzinyuzi. Si kila alichodai kimethibitishwa, lakini kuhusu choo na utumbo mpana ushahidi umemuunga mkono. Wewe unayekula chipo na soseji kila siku mjini, ugali wa unga wa posho, maharagwe, saga na managu si chakula cha kishamba. Ni dawa, bei yake nafuu.

Alifariki mwaka wa 1993. Aliyekataliwa kazi kwa kuwa na jicho moja ndiye aliyeona kilichowapita wengi wenye mawili, kwa sababu alipomwona mtoto wa pili, hakumsahau wa kwanza.