Heike Kamerlingh Onnes, Bingwa wa Baridi Kali

Heike Kamerlingh Onnes alizaliwa mwaka 1853 mjini Groningen, Uholanzi, akawa profesa wa fizikia huko Leiden mwaka 1882. Kwa kuwa vipimo sahihi huhitaji vyombo sahihi, mwaka 1901 alianzisha shule ya mafundi wa vyombo vya maabara. Stadi za mafundi hao zilimwezesha, tarehe 10 Julai 1908, kugeuza gesi ya heliamu kuwa kiowevu, katika nyuzi 269 chini ya sifuri. Mwaka 1911 aligundua kwamba zebaki katika baridi ya namna hiyo hupitisha umeme pasipo ukinzani. Alitunukiwa Nobel mwaka 1913, akafariki mwaka 1926. Mwaka 1938 wengine walitangaza kuwa heliamu hiyo, ikipozwa zaidi, hutiririka bila mnato. Mwalimu, usiitenge kazi ya mikono na somo la sayansi.