Mama Kevina na Riziki ya Kila Siku

Mkulima wa Sepuka, huko Singida, huitoa ghalani mbegu ambayo wanawe wangeweza kuila, akaitia ardhini pasipo kujua mvua itakuwaje. Kumtumaini Mungu ndiko huko, nasi twauona mfano wake katika maisha ya Mama Kevina wa Uganda.

Alizaliwa Ireland mwaka 1875, akaitwa Teresa Kearney. Januari 1903 alifika Nsambya, Kampala, pamoja na masista wenzake watano Wafransisko. Hospitali haikuwapo, wagonjwa walikuwapo. Akaanza kuwatibu chini ya mwembe. Hakungoja jengo wala fedha. Alikitumia kidogo alichojaliwa siku ile, na mambo ya kesho akamwachia Mungu.

Miaka ikapita, Nsambya pakasimama hospitali. Mwaka 1923 akaanzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akiwa na wasichana wanane tu wa Uganda. Wenye ukoma nao wakapata matunzo Nyenga na Buluba. Alipofariki Marekani mwaka 1957, watu wa Uganda walitaka arudishwe kwao, naye akazikwa Nkokonjeru.

Wazazi wapenzi, mara ngapi twasema kwamba tutamsaidia jirani tukipata ziada? Pengine ziada haitakuja. Tunapoomba mkate wa kila siku tusikunje mikono, wala tusiifiche nusu tuliyo nayo. Mwembe haukuwa hospitali. Kivuli chake kilitosha kuanzia.