José Guadalupe Posada, mchoraji wa mafuvu

Novemba iliyopita, baada ya Misa ya Marehemu Wote, kijana mmoja wa kwaya aliitwa pembeni na wazee wa kigango kwa sababu ya pete. Ilikuwa pete ya fedha yenye fuvu la kichwa, na kwenye matundu ya macho sonara alikuwa amechonga maua. Neno Freemason lilitajwa mara kadhaa hata kabla chai haijamiminwa. Mimi nilikuwa pale kwa utume wa mwisho wa wiki, na kwa kuwa mafrateri wa falsafa tunadhaniwa kujua kila kitu, wazee walinigeukia. Sikuwa na jibu. Niliporudi seminarini nikaanza kutafuta, na utafutaji huo ukanifikisha kwa mtu aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita huko Meksiko. Ndugu msomaji, nakuomba tumfahamu.

José Guadalupe Posada alizaliwa tarehe 2 Februari 1852 katika mji wa Aguascalientes, mtaa wa San Marcos. Baba yake alikuwa mwokaji mikate. Kaka yake Cirilo alikuwa mwalimu, na ndiye aliyemfundisha kusoma, kuandika na kuchora. Akiwa bado kijana aliingia katika karakana ya José Trinidad Pedroza kujifunza kuchapa picha kwa kutumia mawe. Mwaka 1871, akiwa na umri wa miaka 19, alichora vikaragosi vya kuwakejeli wakubwa katika gazeti dogo lililoitwa El Jicote, yaani Nyigu. Gazeti hilo lilitoka mara chache tu. Mwaka uliofuata yeye na bwana wake walihamia León, mji wa jimbo la Guanajuato. Huko alioa, akachapa matangazo, picha za watakatifu na karatasi za viberiti, akafundisha kuchapa picha kwa mawe katika shule ya sekondari. Mwaka 1888 mafuriko makubwa yaliikumba León. Mwaka huohuo Posada alikwenda kuishi Mexico City.

Hapo ndipo maisha yake yanapoanza kutuhusu. Aliajiriwa na mchapishaji Antonio Vanegas Arroyo, aliyeuza karatasi za senti chache kwa watu wa kawaida: nyimbo, sala, habari za mauaji na ajali, mapishi, hadithi za watoto. Wanunuzi wengi hawakujua kusoma vizuri, kwa hiyo picha ndiyo iliyobeba habari. Ilibidi picha iwe tayari haraka, wakati habari ingali moto. Posada alichonga kwenye bamba la madini laini ya chapa kwa patasi ndogo. Baadaye alitumia pia njia nyingine ya haraka zaidi: alichora kwa wino maalumu juu ya bamba la zinki, kisha bamba likatumbukizwa katika tindikali. Tindikali ilikula sehemu zote zisizo na wino, mistari ya mchoro ikabaki imeinuka, tayari kupakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Karakana yake ilikuwa na dirisha la barabarani. José Clemente Orozco, ambaye baadaye alikuwa mchoraji mkubwa, alikuwa akisimama hapo utotoni akienda shule kumtazama mzee huyo akifanya kazi mbele ya wapita njia.

Kila mwaka Siku ya Marehemu ilipokaribia, watu wa Meksiko walikuwa na desturi ya kuchapa mashairi ya utani yanayowazungumzia walio hai kana kwamba wamekwisha kufa. Mashairi hayo na picha zake huitwa calavera, maana yake fuvu. Si Posada aliyeanzisha jambo hili. Katika karakana ileile mchongaji Manuel Manilla alikuwa amekwisha kuchora mafuvu kabla yake. Lakini Posada aliyapa uhai, kama neno hilo linafaa hapa. Mafuvu yake yanaendesha baiskeli, yanacheza dansi, yanalewa, yanapanda farasi yakiwa na panga. Tajiri ni fuvu, polisi ni fuvu, muuza mboga naye ni fuvu. Ilikuwa enzi ya Rais Porfirio Díaz, wakati reli na majumba ya kifahari vilijengwa huku wakulima wakipokonywa ardhi, na wasomaji walielewa vizuri sana kinachosemwa.

Fuvu lake mashuhuri kuliko yote lilichapishwa mwaka 1913. Ni kichwa kitupu kinachocheka, kimevaa kofia pana ya kike yenye maua na manyoya. Liliitwa La Calavera Garbancera, yaani fuvu la muuza dengu, na liliwakejeli wenyeji walioona haya asili yao wakajitia Uzungu. Angalia kwamba Posada hakumpa mwili wala nguo: kofia tu. (Nikitazama baadhi ya harusi zetu na madeni yanayofuata, naona kofia hiyo ingetutosha na sisi.)

Posada mwenyewe hakuona umaarufu wa picha hiyo. Mwanawe alikuwa ametangulia kufa. Yeye alifariki Mexico City tarehe 20 Januari 1913, majuma machache kabla ya mapigano yaliyomwangusha Rais Madero. Alizikwa katika makaburi ya Dolores, kwenye kaburi la daraja la sita, ambalo maskini walipewa bure kwa miaka saba. Miaka saba ilipokwisha hakuna aliyekuja kudai mifupa yake. Ilifukuliwa ikatupwa katika shimo la pamoja. Fuvu lake liko humo, na hakuna awezaye kulitenganisha na mengine.

Miaka ya 1920 mchoraji Jean Charlot, mzaliwa wa Ufaransa na Mkatoliki, aliziona karatasi zile za senti, akaanza kuuliza ni kazi ya nani. Mwaka 1947 Diego Rivera alimchora yule fuvu wa kike ukutani katika hoteli moja karibu na bustani ya Alameda. Alimpa mwili na gauni refu, akamshikisha mkono wa Posada. Tangu hapo ulimwengu unamwita Catrina. Huko Taxco, mji wa migodi ambako Mmarekani William Spratling alifungua karakana ya masonara miaka ya 1930, Catrina huuzwa leo kama hereni, vidani na pete. Fedha yake huwa sehemu 925 katika 1000, na matundu ya macho hutiwa weusi ili maua yaonekane.

Habari hizi niliwapelekea wazee. Niliwakumbusha pia kwamba Golgota maana yake ni fuvu la kichwa, na kwamba Mtakatifu Yeronimo huchorwa na fuvu mezani pake. Mzee mmoja hakuridhika. Alisema pete ni pete na kanisani si sokoni, na sidhani kwamba amekosea kabisa, kwa kuwa fuvu linaloning'inia dukani kwa mapambo tu laweza kumsahaulisha mtu kifo badala ya kumkumbusha. Kijana bado anaivaa, ila siku za kuimba huiweka mfukoni. Katekista ndiye aliyenishangaza. Aliuliza kama yule bwana alibatizwa, na kama amebaki na ndugu wa kumwombea. Nikasema alibatizwa, ndugu sijui. Akachukua bahasha ya majina ya marehemu, akaniomba nimtajie jina hilo polepole, akaandika Yosefu Guadalupe Posada chini ya jina la mama yake mzazi.