Hevesy na Siri ya Mfupa Ulio Hai

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walinena wahenga. Methali hii tumeikariri tangu madarasa ya chini, lakini katika maabara za shule zetu ni nadra kufuatwa. Mwanafunzi ambaye jaribio lake limekataa hunakili tarakimu za jirani yake, na mwalimu, kwa kuwa jibu ni sahihi, hutia alama ya vyema. Kwa ajili hiyo nawasimulia leo walimu na wanafunzi maisha ya mwanakemia aliyeshindwa kazi aliyopewa, akakubali kwamba ameshindwa, na kutokana na kushindwa huko matabibu wakapata njia ya kuitazama mifupa ya mtu aliye hai ikifanya kazi.

George de Hevesy alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 1 Agosti 1885, katika familia tajiri yenye asili ya Kiyahudi. Mwaka 1911 alifika Manchester, Uingereza, kufanya utafiti chini ya Ernest Rutherford. Bingwa huyo alikuwa na shehena ya madini ya risasi ambayo ndani yake mlikuwa na rediamu D, kitu kinachotoa miale. Hevesy aliagizwa aitenge rediamu D na risasi. Alihangaika karibu miaka miwili. Kila mbinu ya kemia aliyoijua iligonga mwamba.

Sababu ilikuja kufahamika baadaye: rediamu D ni risasi yenyewe, ila atomu zake zina uzito tofauti na hutoa miale. Mwaka 1913 Frederick Soddy aliziita atomu za namna hiyo isotopu, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya mahali pamoja, kwani hukaa mahali pamoja katika jedwali la elementi. Mimi ni mtu wa isimu, si wa kemia, lakini istilahi hiyo hunipendeza. Ilikiri kwamba wataalamu walikuwa wamekipa kitu kimoja majina mawili.

Hapo ndipo Hevesy alipoligeuza swali. Ikiwa vitu hivi havitengani kamwe, basi kinapokwenda kile chenye miale ndipo kinapokwenda na mwenzake. Mchungaji hufunga kengele shingoni mwa mbuzi mmoja, akajua kundi zima liko wapi. Mwaka 1913, akiwa Vienna pamoja na Fritz Paneth, Hevesy alitumia rediamu D kupima jinsi chumvi za risasi zinavyoyeyuka majini. Mwaka 1923, akiwa Copenhagen, aliifuata risasi ndani ya mimea ya maharagwe. Mwaka uo huo, yeye na Dirk Coster waligundua elementi ya hafniamu.

Lakini risasi ni sumu, na mwili hauihitaji. Njia ilifunguka pale wanasayansi walipoweza, kuanzia mwaka 1934, kutengeneza isotopu zenye miale za elementi za kawaida. Mwaka 1935, Hevesy na daktari Chiewitz waliwalisha panya fosforasi ya aina hiyo, kisha wakapima miale katika viungo vyao. Waliona kwamba mifupa huipokea fosforasi na kuiachilia tena, bila kukoma. Mfupa, ambao wengi walidhani ni kama nguzo ya nyumba, ukishajengwa umejengwa, kumbe hujijenga upya kila siku!

Vita havikumsahau. Wanazi walipoingia Copenhagen mwaka 1940, Hevesy aliziyeyusha katika asidi kali nishani za dhahabu za Max von Laue na James Franck, washindi wa Nobel, zisitiwe mkononi. Chupa ilibaki rafuni hadi vita vilipokwisha. Dhahabu ikatolewa, nishani zikafinyangwa upya. Yeye mwenyewe alikimbilia Uswidi mwaka 1943, na Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka huo ikawa yake.

Alifariki Freiburg, Ujerumani, tarehe 5 Julai 1966. Miaka mitano baadaye, mwaka 1971, watafiti wa Marekani waliiambatanisha tekinetiamu na fosfati. Miale ya fosforasi ya Hevesy haikuweza kupenya hadi nje ya mwili wa mtu. Ya tekinetiamu hupenya, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Mgonjwa hudungwa sindano, husubiri saa chache, kisha kamera maalumu huichora mifupa yake. Panapong'aa zaidi ndipo mfupa unapojijenga kwa kasi: penye ufa unaopona, au penye saratani iliyosambaa. Mara nyingi dalili hizo huonekana kabla ya picha ya eksirei kuonyesha lolote.

Walimu wenzangu, laiti Hevesy angebuni tarakimu za kumridhisha Rutherford, mlango huu ungefunguliwa na nani, na lini? Hatuna budi kumpa alama mwanafunzi anayeandika kwamba jaribio lake halikufaulu, akaeleza alivyofanya na alichokiona. Anayenakili jibu sahihi ametupa jibu tulilokuwa nalo tayari. Anayekiri kushindwa huenda ametuletea swali ambalo hatukuwa nalo.