Julia Child: Aliyeanza kujifunza upishi akiwa na miaka 37 na kuufanya kazi ya maisha

WAPO watu wengi wanaoamini kuwa mtu akishavuka miaka 35 bila kuwa na ujuzi maalumu, basi muda wa kuanza umekwisha. Maisha ya Mmarekani Julia Child, aliyekuja kuwa mwalimu wa mapishi ya Kifaransa anayejulikana kuliko wote nchini kwake, yanaonyesha vinginevyo.

Julia alizaliwa Agosti 15, mwaka 1912, katika mji wa Pasadena, jimbo la California. Familia yake ilikuwa na uwezo na iliajiri mpishi, hivyo binti huyo hakuwa na sababu ya kushinda jikoni. Mwaka 1934 alihitimu katika chuo cha Smith, akisomea historia, kisha akafanya kazi ya matangazo katika duka la samani mjini New York.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto aliingia katika idara ya ujasusi ya Marekani. Alipelekwa Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, na baadaye China. Huko alikutana na Paul Child, mtu aliyependa na kukijua chakula kizuri. Walifunga ndoa mwaka 1946. Bibi harusi alikuwa na miaka 34, na kupika kulimpa taabu.

Chakula kilichobadili maisha

Mwaka 1948 Paul alihamishiwa katika ofisi ya serikali yake mjini Paris. Wakiwa njiani kutoka bandarini, wanandoa hao walisimama kula mchana katika mji wa Rouen. Waliandaliwa chaza, samaki aliyekaangwa kwa siagi, saladi na mvinyo. Julia alikumbuka mlo huo hadi uzeeni, kwani ndio uliomfungua macho.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 37, alijiandikisha katika chuo cha upishi cha Le Cordon Bleu. Alipoona darasa la akina mama wa nyumbani halimtoshi, aliomba kuhamia la wapishi wa kazi. Wenzake humo walikuwa wanaume watupu, askari wa Marekani waliotoka vitani. Mwalimu wao, Max Bugnard, alikuwa mpishi mkongwe aliyesisitiza kila hatua ifanywe kwa utaratibu wake.

Nje ya darasa, soko lilikuwa chuo chake cha pili. Aliwauliza wachuuzi wa mboga, samaki na jibini namna ya kutambua bidhaa nzuri na msimu wake. Hata hivyo alipofanya mtihani kwa mara ya kwanza alianguka, kwa kuwa aliulizwa mapishi ya kijitabu cha wanafunzi wapya ambayo hakuyakariri. Alirudia mwaka 1951, akafaulu.

Ujuzi wageuzwa bidhaa

Hapo ndipo mapenzi ya kupika yalipoanza kuwa kazi. Mwaka 1952, pamoja na Wafaransa wawili, Simone Beck na Louisette Bertholle, alianzisha darasa dogo la upishi katika jiko la nyumba aliyopanga. Wanafunzi wao walikuwa wanawake wa Kimarekani waliokuwa wakiishi Paris. Wafaransa hao tayari walikuwa wakiandaa kitabu cha mapishi kwa ajili ya soko la Marekani, nao wakamwomba Julia aungane nao.

Julia alianza kwa kumchunguza mnunuzi. Aligundua kuwa unga wa ngano wa Marekani hauchanganyiki sawasawa na ule wa Ufaransa, nyama hukatwa kwa namna nyingine na samaki wengi ni wa aina tofauti. Mapishi yaliyoandikwa kwa makadirio ya mkono yangemshinda mama wa Kimarekani. Kwa hiyo kila pishi lilijaribiwa tena na tena kwa vipimo kamili, kisha nakala zikatumwa kwa siri kwa marafiki walioko Marekani ili wajaribu kwa vyakula vya dukani kwao.

Kazi hiyo iliendelea huku Paul akihamishwa kutoka Paris kwenda Marseille, Ujerumani, Washington na Oslo. Muswada wa kwanza, uliokamilika mwaka 1958, ulikuwa na zaidi ya kurasa 700 za supu na kuku peke yake. Kampuni ya Houghton Mifflin, iliyokuwa imeingia mkataba nao, iliukataa. Waliuandika upya, lakini mwaka 1959 kampuni ikaukataa tena kwa kuona ni mkubwa na wa gharama kuuchapisha. Kazi ya miaka mingi ilikaribia kuishia kabatini.

Rafiki yake, Avis DeVoto, aliupeleka muswada huo kwa kampuni ya Knopf. Mhariri kijana Judith Jones aliubeba nyumbani, akapika kwa kufuata maelekezo na kuona yanafanya kazi. Washirika nao walipanga upya mgawo wao: Bertholle, aliyefanya kazi kidogo, alipewa asilimia 18, na wenzake wakagawana iliyobaki sawa kwa sawa.

Kitabu kilitoka Oktoba 1961, miaka 12 tangu Julia aingie darasani. Alikuwa na miaka 49. Yeye na Beck hawakusubiri wateja wawafuate. Walizunguka miji ya Marekani kwa gharama zao, wakipika mbele ya watu na kuuza kitabu.

Televisheni yamtangaza

Mwaka 1962 alialikwa katika kipindi cha vitabu cha kituo cha WGBH mjini Boston. Alikwenda na jiko dogo la umeme, akakaanga mayai mbele ya kamera. Watazamaji 27 waliandika barua wakitaka kumwona tena. Februari 11, 1963 kipindi chake mwenyewe kikaanza, kwa malipo ya dola 50 za Marekani kwa kila kipindi. Kurekodi kulikwenda karibu bila kusimama, hivyo alipokosea hakuficha, bali alionyesha namna ya kukiokoa chakula.

Hata baada ya kupata jina aliendelea kupima. Kwa ajili ya kitabu cha pili, kilichotoka mwaka 1970, yeye na mumewe walitumia takriban miaka miwili na karibu kilo 130 za unga kutafuta namna ya kuoka mkate wa Kifaransa katika jiko la kawaida la nyumbani. Pia alikataa kukodisha jina lake kutangaza bidhaa za makampuni, akijua kuwa imani ya watazamaji ndiyo mtaji wake.

Mwaka 2000 Ufaransa ilimpa nishani ya Légion d'honneur. Alifariki Agosti 13, 2004, zikiwa zimebaki siku mbili atimize miaka 92.

Ni haki kukumbuka kuwa Julia alikuwa na mshahara wa mumewe na urithi wa mama yake, ndiyo maana aliweza kuhimili miaka 12 ya kusubiri. Mkulima au mfanyabiashara mdogo asiye na kinga hiyo hashauriwi kuacha shughuli inayomlisha. Lakini kumchunguza mnunuzi, kupima badala ya kukisia, kumpa mtu mwingine ajaribu bidhaa kabla haijaingia sokoni na kuandikiana mgawo na washirika ni mambo yasiyohitaji urithi. Wahenga walisema kawia ufike.