Celler: Wakili wa Brooklyn aliyefungulia jamii za Kisii mlango wa Marekani bila kutarajia

KATIKA kaunti za Kisii na Nyamira, jina la Minnesota halihitaji maelezo. Ni jimbo la baridi kali nchini Marekani ambako maelfu ya Abagusii wamefanya makao, wengi wakiwa wauguzi na watunzaji wa wazee. Hata hivyo, ni wachache wanaolitambua jina la Emanuel Celler, mbunge aliyepigania kwa miaka 41 mageuzi yaliyowawezesha wageni wa kila asili kupata ukaazi wa kudumu nchini humo na kuwaita jamaa zao.

Celler alizaliwa Mei 6, 1888, mtaani Brooklyn, New York, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Ujerumani. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia alifiwa na babake, na muda si mrefu mamake akafuata. Mzigo wa nyumba ukamwangukia. Ili kuwakimu jamaa zake, alishika kazi ya babake ya kuuza divai nyumba hadi nyumba, huku akiendelea na masomo. Alihitimu uanasheria mwaka 1912 na kuchaguliwa mbunge mwaka 1922.

Mnamo 1924, Bunge lilijadili mswada wa kuwachuja wahamiaji kwa asili yao. Kila taifa lingepewa nafasi sawa na asilimia 2 ya watu wake waliohesabiwa Marekani mwaka 1890. Hesabu hiyo iliwapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi, ikawabana Waitaliano na Wayahudi wa mashariki. Waasia walifungiwa kabisa, nayo Afrika ikaachiwa nafasi chache mno. Celler, aliyekuwa bado mgeni bungeni, alitoa hotuba yake kubwa ya kwanza kuupinga. Alishindwa vibaya.

Uzito wa kushindwa huko ulidhihirika miaka ya 1930, Wayahudi walipomkimbia Hitler na kukuta milango ya Marekani imebanwa na sheria hiyo. Celler aliendelea kudai ilegezwe, bila mafanikio makubwa.

Mwaka 1946, kwa ushirikiano na mbunge Clare Boothe Luce, alifanikisha sheria iliyowaruhusu Wahindi na Wafilipino kuwa raia. Mwaka 1952 alipinga sheria nyingine iliyodumisha mgao wa asili na kuziwekea koloni kikomo cha watu 100 kwa mwaka kila moja. Kenya ilikuwa miongoni mwa koloni hizo. Vijana kama Lawrence Sagini wa Kisii, aliyesomea Chuo cha Allegheny, Pennsylvania, kabla ya kuwa waziri, walikwenda kama wanafunzi, wakarejea kulijenga taifa.

Ushindi ulipatikana mwaka 1965. Celler, wakati huo mwenyekiti wa Kamati ya Sheria, aliwasilisha mswada akishirikiana na Seneta Philip Hart. Rais Lyndon Johnson aliutia saini Oktoba 3, chini ya Sanamu ya Uhuru. Mgao wa asili ulifutwa na familia zikapewa kipaumbele. Mkaazi wa kudumu angeweza kumwombea mkewe au mumewe na watoto wao ambao hawajaoa wala kuolewa. Aliyetaka kuwaita wazazi au ndugu zake alilazimika kwanza kupata uraia.

Mwaka uliofuata, kamati hiyo hiyo ilishughulikia sheria ya wakimbizi wa Cuba. Raia wa Cuba aliyekaa Marekani miaka miwili, muda uliopunguzwa baadaye kuwa mwaka mmoja, angeomba ukaazi wa kudumu pamoja na mkewe na watoto bila kuondoka nchini. Wakenya hawakupata njia ya mkato kama hiyo.

Celler mwenyewe hakutarajia kuwaona wengi kutoka Afrika. Aliwahakikishia wabunge wenzake kuwa Waafrika wachache tu wangeingia, kwa kuwa hawakuwa na jamaa huko wa kuwaita. Kwa wakati huo hoja yake ilikuwa na mashiko. Alichokosa kuona ni kwamba mtu mmoja akishapata makao, yeye ndiye huwa jamaa wa wengine.

Ndivyo ilivyokuwa. Baadhi walipata ukaazi kupitia kazi au ndoa. Kuanzia mwaka 1995, wengine walishinda bahati nasibu ya viza iliyoanzishwa na sheria ya 1990. Aliyepata Green Card alimwita mkewe, kisha watoto; alipopata uraia, akamwombea mamake aliyebaki Keroka au Ogembo. Haba na haba ikajaza kibaba. Kwa ndugu, foleni ilidumu miaka mingi.

Celler aling'olewa mwaka 1972 na Elizabeth Holtzman, wakili wa miaka 30, baada ya karibu nusu karne bungeni. Mtetezi huyo wa haki za wageni alikuwa amepinga marekebisho ya katiba ya kuwapa wanawake usawa, msimamo uliomharibia jina. Alifariki Brooklyn Januari 15, 1981, akiwa na miaka 92.

Wahenga walinena kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Celler alitumia maisha yake kudai kwamba anayepewa jembe asiulizwe babu yake alizaliwa wapi.