Victor Silvester na Hatua Zenye Sheria

Jamani, nilipojiunga na klabu ya dansi hapa chuoni nilijiona fundi. Mtu niliyekulia kwenye rumba ya Franco, Waingereza wanifundishe nini? Dakika kumi tu nikawa nimeshakanyaga watu wawili. Kumbe kila hatua ina kanuni, hadi kisigino kinatua lini! Nikauliza nani kazitunga. Nikaambiwa hakuwa mmoja, ila jina la kulijua ni Victor Silvester.

Alizaliwa Wembley mwaka 1900, mtoto wa kasisi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza akadanganya umri, akaingia jeshini. Uzeeni alisimulia kwamba alipangwa katika vikosi vya kuwapiga risasi askari wenzake waliohukumiwa kufa. Wanahistoria wengine wanalitilia shaka hilo.

Vita vilipoisha akapata kibarua London cha kucheza na wanawake waliokuja bila mwenzi kwenye dansi za alasiri. Mwaka 1922 yeye na Phyllis Clarke wakatwaa ubingwa wa dunia. Lakini siku hizo kila ukumbi ulicheza utakavyo. Fokstroti na tango zimetoka ng'ambo, kila mwalimu na yake, sasa jaji ampe nani ushindi? Mwaka 1924 Silvester akawa kwenye kamati ya walimu iliyokaa kupanga hatua za walsi, fokstroti na tango. Kwikstepu nayo ikatokana na fokstroti ya haraka. Leo mashindano yana makundi mawili: Standadi, yaani hizo nne pamoja na walsi ya Vienna, na Latini, yenye samba, cha-cha-cha, rumba, paso doble na jaivu. (Rumba hiyo imetoka Cuba, ila mpenzi wa Franco hataitambua.)

Ukabaki muziki. Bendi moja inakimbia, nyingine inaburuta, mchezaji afanyeje? Mwaka 1935 Silvester akaunda okestra yake: hakuna mwimbaji, na mapigo hayabadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Santuri zikauzwa kwa mamilioni, na kuanzia 1941 kipindi chake cha BBC kikawafundisha watu kucheza sebuleni kwao.

Kwa kweli muziki wenyewe naona hauna chumvi. Nikiwa nimekaa, siusikilizi. Lakini jioni moja mtu nisiyemjua hata jina alinishika mkono, tukahesabu moja, mbili, tatu, tukaondoka pamoja bila kukanyagana.

Silvester alifariki mwaka 1978, akiogelea huko Ufaransa.